Wimbo wa Nashoni Ulipokatika

Waya niliuchomoa mimi. Sikuuvuta kwa hasira, wala sikuangaza macho huku na huku kama mwizi. Niliinama kana kwamba naokota daftari la kwaya, nikapitisha mkono nyuma ya kabati la vitabu, nikaishika plagi ya eksitensheni na kuitoa ukutani. Spika zikanyamaza. Mdogo wangu Nashoni alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, katikati ya neno. Gitaa lake, ambalo muda huohuo lilikuwa linatikisa mabati ya kanisa, likabaki na sauti ndogo ya nyuzi kavu ambayo haikufika hata benchi la tatu.

Watu wote walisema umeme umekatika.

Kwetu Morotonga, mtu akizika, Jumapili inayofuata huja kanisani na nyumba yake yote kutoa shukrani. Wafiwa huitwa mbele kabla ya mahubiri. Mkubwa wao anasema neno, wanaimba wimbo waliouchagua wenyewe, kisha wazee wa kanisa wanapita kuwapa mikono. Hata kama umemzika mtoto, unashukuru. Nimefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini na nimewasindikiza wafiwa wengi hadi pale mbele. Wengi huchagua tenzi zilezile tatu au nne, na mara nyingi nilikuwa nimeshapanga sauti kabla hawajafungua mdomo kuniambia.

Jumapili hiyo, miaka minane iliyopita, Nashoni na mkewe Elieth walikuja kushukuru kwa ajili ya Gati, binti yao wa miaka minne. Tulikuwa tumemzika Alhamisi, kule Kenyamonta, kwenye shamba la baba yetu. Homa ilimshika Jumatatu asubuhi akiwa anacheza na makopo uani, na Jumatano jioni akawa hayupo. Alikuwa amepewa jina la mama yetu. Mimi sikujaliwa mtoto, na siku zile Gati alipolala kwangu nilimwacha avae viatu vyangu vya kanisani akazunguka navyo nyumba nzima, jambo ambalo nisingemruhusu mtu mwingine yeyote duniani.

Nashoni nilimlea mimi. Mama alipofariki alikuwa na miaka sita, mimi kumi na saba. Nilimfundisha kufua, kusoma na kuimba sauti ya pili. Alikuwa na sikio zuri kuliko langu, na ninakiri kwamba hilo lilinifurahisha na kuniudhi kwa kiasi kilekile. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Sirari kumsaidia wakala wa forodha, kukimbiza makaratasi ya malori. Baada ya miaka miwili alirudi likizo na fulana nyeusi, gitaa la umeme lililokwishatumika, na muziki ambao alikuwa ameupata ng'ambo ya mpaka, Isebania, kwa kijana mmoja Mkenya aliyeitwa Wiliam. Wiliam na wenzake walikuwa na bendi ya roki, na wote walikuwa wameokoka. Nilipoambiwa hivyo nilicheka.

Nashoni alinipigia wimbo mmoja sebuleni. Alikanyaga kidude kilichokuwa sakafuni, na sauti ya gitaa ikachanika, ikawa ya kukwaruza. Akaanza kuimba kwa kupaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Maneno yalikuwa ya Kikristo kabisa. Ningeyasoma kwenye karatasi ningesema amina.

"Mura," nikamwambia alipomaliza, kwa lile neno letu la kumwitia kijana, "hii ni sala au ni ugomvi?"

"Kwani dada, sala haiwezi kuwa ugomvi?"

"Mungu tunaongea naye kwa heshima."

"Na wewe siku mama anakufa, uliongea naye kwa heshima?"

Siku ile nilikuwa nyuma ya ghala, nimejiziba mdomo kwa kanga, na nilichokisema mle ndani ya kanga hakikuwa na heshima hata chembe. Sikujua kama alikuwa ameniona.

Lazima niseme pia habari ya baba, kwa sababu nisipoisema nitaonekana sikuwa na wa kunifundisha. Baba yetu, mzee Thadeo, alikuwa mpigaji wa litungu katika ujana wake, lile zeze letu la nyuzi nane, na harusi ya Kenyamonta haikuitwa harusi bila yeye. Alipotaka kubatizwa, wazee wa kanisa wa enzi hizo walimwambia litungu ni chombo cha giza, achague. Alichagua. Lilichomwa mbele ya kanisa, akiliangalia. Leo litungu linapigwa kanisani kwetu kila sikukuu ya mavuno, na wazee hao hao waliobaki wanatingisha mabega. Hilo nilikuwa nalijua. Jumapili ile nilikuwa na nafasi nzuri sana ya kulikumbuka, na sikulikumbuka.

Nashoni alikuja asubuhi mapema, gitaa begani, kile kidude cha kukanyaga kikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa hajalala tangu Jumatano. Aliniambia ametunga wimbo wa shukrani. Nikamwambia sawa, lakini upige taratibu, leo kuna wageni. Mitambo ya kanisa ilikuwa chini yangu, hivyo mimi mwenyewe ndiye niliyemchomekea waya.

Walipoitwa mbele, Elieth alisimama ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Nashoni hakusema neno lolote la shukrani. Alianza kupiga, na mwanzoni alipiga taratibu kama nilivyomwomba.

Jumatatu nilikuita, nikiwa na kitambaa cha maji.

Jumanne nilikuita, nikiwa nimembeba mgongoni.

Jumatano nilikuita, nimemshika miguu, inapoa.

Baada ya kila mstari aliacha nafasi, akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza. Kisha akaendelea. Kanisa lilikuwa kimya, wanawake wameanza kufuta machozi, na mimi nikajisemea moyoni kwamba ameweza, mdogo wangu ameweza. Ndipo akakanyaga kile kidude.

Alhamisi nilikuita, jembe mkononi.

Sijui niielezeje sauti ile. Kwa kawaida baba hachimbi kaburi la mtoto wake, vijana wa kijiji hufanya kazi hiyo. Nashoni alikuwa amewanyang'anya jembe akachimba peke yake hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Sasa akawa anachimba tena, mbele ya madhabahu, kwa gitaa. Akaurudia mstari ule. Akaurudia mara ya tatu, na safari hii aliongeza: ulikuwa wapi. Hakuimba, alipiga kelele. Ulikuwa wapi, ulikuwa wapi, na gitaa likilia chini yake. Akina mama wakawaziba watoto masikio. Mzee Wegesa, mzee wa kanisa aliyekuwa mbele kabisa, akasimama na fimbo yake. Mchungaji Godwin akanigeukia. Sitamsingizia: hakunikonyeza wala hakuniashiria. Aliniangalia tu, kwa vile mitambo ilikuwa kwangu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya vile kulinda ibada. Ni uongo. Niliinama na kuchomoa waya kwa sababu sikuweza kuendelea kumsikia. Alikuwa anasema kwa sauti, mbele ya watu mia tatu, kile nilichokuwa nakisema ndani ya kanga tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kila alipouliza ulikuwa wapi, nilihisi swali linakaribia kunitoka na mimi.

Basi spika zikanyamaza. Saa nne asubuhi taa hazikuwa zimewashwa, na mashine ya kusaga ya jirani hufungwa Jumapili, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunisuta. Nashoni alifumbua macho. Alipiga nyuzi mara mbili, akageuka kuangalia spika, kisha akainua uso akatazama juu, kwenye bati.

Mchungaji Godwin akasogea mbele polepole. "Ndugu zangu," akasema, "hata sisi tungetaka kuunyamazisha muziki huu, tusingeweza kwa haraka hivi. Bwana amesema mwenyewe."

Kanisa likaitikia amina. Amina kubwa, yenye nafuu ndani yake.

"Sawa," Nashoni akasema. Alisema polepole, na nadhani mimi peke yangu na Elieth ndio tuliosikia. Hakuwa anamjibu mchungaji. Bado alikuwa ametazama juu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa fupi lakini ilikuwepo. Ningesimama tu, niseme samahani, plagi imetoka, niichomeke, aendelee. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka kilikuwa utenzi, kwa sababu mdomo wangu umezoea hivyo, na kwaya ikanipokea nyuma yangu kwa sauti nne. Wazee wakapita kutoa mikono. Ibada ilipokwisha na watu wakatoka nje kusalimiana, nilirudi nikaichomeka plagi mahali pake.

Kabla ya mwezi kuisha Nashoni alirudi Sirari, safari hii kuishi huko na mkewe. Hatukugombana. Alinipigia simu Krismasi, Pasaka, na nilipougua nyonga. Kila mara nilitaka kumwambia, kila mara nikaahirisha, kama mtu anayeahirisha kung'oa jino. Nilisikia kwamba hapigi tena gitaa. Sikuthubutu kumuuliza kama anakwenda kanisani, kwa kuwa nilikuwa na uhakika wa jibu, na nilijua aliyesababisha ni nani.

Habari ya umeme, nayo, ilipata miguu. Mchungaji Godwin aliitumia kwenye mahubiri, halafu kwenye mikutano ya injili, halafu ikawa inahubiriwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Morotonga. Julai mwaka jana tulikuwa na semina ya walimu wa kwaya mjini Tarime. Asubuhi vijana walipiga gitaa la umeme na ngoma kubwa, na hakuna aliyeshangaa, mambo yamebadilika. Mchana mchungaji akasimama kufundisha juu ya mipaka ya muziki. Akasimulia habari ya kijana mmoja aliyemfokea Mungu kwa gitaa siku ya shukrani, na mbingu ikiwa nyeupe kabisa radi ikapiga nguzo. Radi ilikuwa mpya. Walimu wa kwaya karibu mia wakaitikia amina, na mimi nikasikia sauti yangu ikiwa miongoni mwao.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Sikuaga mtu. Kutoka Tarime hadi Sirari si mbali, na njia nzima nilikuwa narudia maneno niliyopanga kumwambia: Nashoni, Mungu hakukukataa, ni mimi. Nilijiona ninampelekea kitu kizuri. Nilidhani namrudishia Mungu wake.

Nilimkuta nyumbani, vyumba viwili karibu na barabara ambako malori hupanga foleni kuvuka. Nywele zilikuwa zimeanza kumpauka pembeni.

"Shikamoo dada. Mbona hata simu hukupiga?"

"Marahaba. Nilikuwa Tarime, nikasema nikusalimie."

Elieth alikuwa amevuka kwenda sokoni Isebania. Nashoni mwenyewe alisonga ugali, akakaanga sukumawiki, akaninawisha mikono. Kisha akainamisha kichwa akaomba. Sala fupi, ya mtu aliyezoea. Nilibaki nimekodoa macho.

"Bado unasali?"

"Sasa nani alikwambia niliacha?" Akakata tonge. "Kuna kanisa dogo hapo nyuma ya maghala. Mimi hukaa tu nyuma. Siimbi."

"Nilidhani baada ya siku ile..."

"Hiyo siku ndiyo iliniokoa, dada."

Alisema huku anakula, bila uzito wowote. Aliniambia kwamba wiki ile nzima alikuwa amemwita Mungu na hakusikia chochote, na hofu yake haikuwa kwamba Mungu ni mkali. Hofu yake ilikuwa kwamba hapo juu hakuna mtu.

"Nilikuja pale mbele nimeamua. Nilisema leo napiga mpaka anijibu, hata kama ni kwa kunitandika. Na akanijibu. Akakata umeme katikati ya neno. Ninyi mkasema amekataa roki. Mimi nikasema, kumbe alikuwa ananisikia. Huwezi kumkatiza mtu ambaye humsikii."

"Lakini alikuambia hapana."

"Aliniambia hapana. Mtoto akiambiwa hapana na baba yake, si anajua baba yupo?" Akatabasamu kidogo. "Watu wengi vile, wachungaji, wazee, wewe mwenyewe, mlisikia kelele. Yeye peke yake ndiye aliyeuchukua ule wimbo kama sala. Ndiyo maana sikupiga tena. Ningepiga nini? Nilishajibiwa."

Maneno yote niliyokuja nayo yalikuwa bado mdomoni na hayakuwa na kazi tena. Ningeweza kuyameza. Ningekula, ningemsifia mboga, ningerudi Morotonga na siri yangu, na mdogo wangu angebaki na Mungu aliyemsikia. Nilifikiri hivyo kwa muda ambao alichukua kunimiminia maji kikombe kizima. Nilifikiri pia juu ya ile radi mpya, na walimu mia, na amina yangu. Hadi leo sijui kama niliyoyasema niliyasema kwa ajili yake au kwa ajili ya kupumua mimi.

"Nashoni," nikasema. "Umeme haukukatika."

Akaacha kutafuna.

"Ni mimi niliyechomoa waya."

Malori mawili yakasogea huko nje. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua karatasi za mzigo, "Wa spika au wa ukutani?"

"Wa ukutani."

"Nyuma ya kabati."

"Nyuma ya kabati."

Akainuka akanawa mikono, ingawa chakula kilikuwa hakijafika nusu. Alinawa kwa muda mrefu. Nilitamani anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa kwa miaka saba na ningeipokea kila kelele, lakini alirudi akakaa palepale, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo hakusema kitu," akasema.

"Sijui, mdogo wangu."

"Siku ile. Hakusema kitu."

"Siku ile nilikuwa mimi."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kulia, na nikamweleza sababu yangu, kwamba sikuweza kuendelea kumsikia, kwamba Gati alikuwa wangu pia, na habari ya kanga na ghala. Alisikiliza yote. Hakunikatiza hata mara moja.

"Ilikuwa imebaki mistari ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili," akasema nilipomaliza.

"Jumapili ilisemaje?"

"Sikuwa nimeitunga. Nilidhani nikifika hapo nitapewa."

Niliomba tusubiri Elieth arudi. Akasema atamweleza yeye mwenyewe, pengine si leo. Alinibebea mkoba hadi stendi, kama mdogo anavyopaswa kumbebea dada yake, na njiani aliwasalimia madereva wawili kwa Kiswahili cha Kenya, akacheka nao mahali pa kucheka. Alinitafutia kiti cha dirishani. Alilipa nauli yangu nikiwa bado nafungua pochi. Kisha akasimama nje ya dirisha, mikono mfukoni, anaangalia chini.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema.

"Unasema hivyo kwa sababu mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo." Kijana wa gari akagonga bati kuashiria tunaondoka. "Basi itabidi Mungu nimuulize upya, dada."

Nikanyoosha mkono dirishani, akaushika, na gari likaanza kusogea akiwa bado ameushika. Alitembea hatua chache pembeni yetu kabla ya kuuachia. Nilipogeuka alikuwa amesimama katikati ya watu na mabunda yao, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, hana mtoto, na lile jibu moja alilokuwa nalo nimemnyang'anya.